Kupokezana Bega Amu

Niliingia Amu, kisiwa mnachokiita Lamu, nikiwa na begi moja, jozi ya viatu vya jeshi niliyokuwa nimekataa kuitupa, na nia ya kukaa siku tatu. Safari ilianzia kwetu Mumias kwa basi la asubuhi hadi Nairobi, kutoka hapo hadi Mombasa, kisha basi jingine lililofuata pwani kupitia Malindi, Garsen na Witu. Nilisafiri bila simu. Yangu ilikuwa imeingia maji njiani, na hata ingekuwa nzima isingenifaa, kwa sababu mtu niliyekuwa namfuata alikuwa amezima yake kwa muda mrefu.

Baada ya Garsen tulishushwa kila kizuizi, tukapanga mstari kando ya barabara, vitambulisho mkononi. Kwenye kizuizi kimoja akanijia mwanajeshi kijana ambaye kidevu chake kilikuwa bado hakijajua wembe.

"Mzee, toa mkono mfukoni. Simama vizuri."

Nilikuwa nimeshaacha kazi, lakini mwili ulikuwa haujapewa habari. Visigino vikagongana, kifua kikatoka, vidole gumba vikashuka kwenye mishono ya suruali. Mama mmoja aliyebeba kuku akasogea pembeni kidogo, akidhani nimepandwa na pepo. Kijana akacheka.

"Afande, ulikuwa kikosi gani?"

Nikamtajia. Akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Na huku unaenda kwa nani?"

"Kwa rafiki yangu. Tulitumikia pamoja."

"Anajua unakuja?"

"Hajui."

Akanitazama tena, safari hii bila kucheka. "Haya. Mungu akufikishe, afande."

Wewe kijana wa kizuizini, na wenzako wote mliovaa magwanda leo, nyinyi ndio ninaowaandikia. Siku moja mtayavua. Kabla ya siku hiyo mtakuwa mmefundishwa kila kitu: kulenga, kuchimba handaki, kulala huku mmesimama. Hakuna atakayewafundisha kuketi na majirani. Mimi nilijifunza Amu, kwa kukosea, na ningependa nyinyi mkosee makosa mapya. Haya yangu yameshatumika.

Nilipoacha jeshi nilikuwa na miaka arobaini na kidogo. Nyumbani walinichinjia kuku, wakaniombea dua, na sina la kuwalaumu. Kilichonishinda ni kiti. Kila nilipotokea mtu aliinuka akanipa kiti kizuri kuliko vyote, na mazungumzo yakakatika. Ndugu zangu walikuwa wakimcheka ng'ombe fulani wa jirani, nami sikumjua ng'ombe wala jirani. Nilikuwa mgeni wa heshima katika boma nililozaliwa. Nikavumilia wiki chache, nikaondoka. Nikalinda ghala Eldoret, nikalinda duka Nakuru, nikalinda jumba la mtu Mombasa ambaye sikuwahi kumwona ndani yake, kisha nikarudi tena kwetu. Ndivyo nilivyoumbwa: nikiwa kambini nilililia nyumbani, nikiwa nyumbani nilililia kambi.

Mtu niliyemkumbuka zaidi alikuwa Athman, dereva wetu, mtoto wa Mkomani, ule mtaa wa kale wa nyumba za mawe. Kambini alikuwa akituchosha kwa sifa za kwao. "Ukija Amu, Rajabu, utakula mkate wa mofa mpaka uisahau hiyo miwa yenu." Kisha siku moja, kwenye barabara ya mpakani, gari lake likakanyaga kitu kilichofukiwa. Mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma. Sitasimulia zaidi ya hapo. Anayejua anajua, na asiyejua asiharakishe. Athman alitoka mzima wa viungo, sikio moja likiwa limekufa. Wenzetu wawili waliofariki tuliwabeba kijeshi: mwendo wa pole, hatua moja, watu walewale, bega lilelile mwanzo mpaka mwisho. Athman alikuwa mbele kulia. Baadaye aliruhusiwa kuacha kazi, akarudi kwao, na simu ikazimwa.

Kutoka Mokowe, gati la bara ambako basi linaishia, nilivuka kwa boti, nikaulizia nyumba mpaka nikafika mbele ya mlango mkubwa wa nakshi, wenye madaka mawili, yaani yale mabenchi ya mawe yaliyojengwa kila upande wa mlango. Nikapiga hodi. Akatoka bibi mfupi, leso kichwani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Ndiwe Rajabu wa miwa?" akaniuliza kabla sijajitambulisha.

"Ndiye mimi, mama. Umejuaje?"

"Mwanangu alinambia una masikio makubwa. Ndoo ndani. Yuko yuu."

Huyo ndiye Bi Zainabu, mamake Athman, ambaye kwa Kiamu chake njoo ni ndoo, juu ni yuu na njia ni ndia. Alinipandisha ngazi, na huko juu nikamkuta rafiki yangu amekaa kwenye kitanda, mgongo ukutani, uso mlangoni, kama tulivyofundishwa. Aliniangalia toka kichwani mpaka viatuni.

"Umekonda," akasema.

"Nawe umenenepa."

"Mama anapika." Tukaishia hapo kwa siku hiyo. Lakini alisogea kitandani akanipa nafasi, na kwetu sisi hayo ni maneno mengi.

Chini, Bi Zainabu alinieleza. Mwanawe alikuwa hajaikanyaga njia ya mtaa kwa zaidi ya mwaka, tangu siku aliyorudi. Punda akiangushiwa mzigo wa mawe pale nje, yeye huingia chini ya kitanda. Alisali juu, alikula juu. Majirani walikuja mwanzoni, wakakosa kumwona, wakasema amerudi na kiburi cha serikali. Sasa hawaji.

"Mimi mauti siyaogopi," aliniambia huku akichambua mchele, bila kuniangalia. "Umri nimeupata. Naogopa kitu kimoja. Siku hiyo jeneza langu litapita ndia hii hapa, naye aketi yuu dirishani alitazame kama mtalii."

Hapo ndipo siku zangu tatu zilipokwisha hesabu. Sikumwahidi kitu. Nilijiambia tu kwamba sitaondoka Amu kabla mtu huyu hajashuka ngazi zile. Na kwa kuwa maneno yangu peke yangu hayakumtosha, nikaamua kumtafutia wengine kama sisi. Sehemu ile yote, visiwani na bara, lazima wangekuwepo.

Sasa sikilizeni jinsi ya kumtafuta mwanajeshi mstaafu. Usiulize kwa jina, maana watu hawatakuambia; watadhani unamdai au unamkamata. Tazama. Anakula haraka, na akimaliza anatazama sahani za wengine. Mkahawani anachagua kiti cha kona. Blanketi lake limekunjwa pembe nne hata kama kitanda kimevunjika. Yule wa kwanza nilimpata kwa viatu. Nilikuwa napita mtaa wa Langoni asubuhi, nikaona kwenye mlango wa mwanamke anayeuza mahamri na mbaazi ndala za wateja zimepangwa mstari mnyoofu, visigino ukutani, za watoto mwanzo na za wakubwa mwisho. Nikainama kuzitazama.

"Wewe nani unayekagua viatu vya watu?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Samahani, dada. Nani amevipanga?"

"Mimi. Vinakuuma?"

"Ulikuwa kikosi gani?"

Kisha pazia likafunguliwa. Alikuwa Bi Nuru, muuguzi wa jeshi kwa miaka mingi kabla ya kurudi kumtunza babake. Alinipa mahamri mawili bila kuniuliza kama nataka, akasema, "Kula. Na polepole, hakuna king'ora hapa."

Bi Nuru ndiye aliyenifundisha kanuni ambayo ningeiandika kwa herufi kubwa kama ningekuwa na ukuta: anza na wanawake. Mimi nilikuwa nikizunguka kwenye vijiwe vya wanaume na kupata mabega yaliyopandishwa. Yeye aliuliza wake, mama na dada waliokuja kununua mahamri. Nani kwenu halali usiku? Nani anaamka kabla ya adhana kufagia ua ulio safi? Kwa njia hiyo tulimpata aliyekuwa mpishi wa jeshi la majini kule Matondoni, tukampata fundi wa mitambo Manda, na upande wa bara, Kililana, tukampata Kamau, aliyekuwa mtu wa redio wa kikosi chetu, sasa analima matikiti maji na simsim. Kamau nilimkuta shambani akizungumza peke yake.

"Unaongea na nani?" nikamwuliza.

"Na tikiti hizi. Ni bora kuliko makao makuu, zinanijibu."

Tulipofika watu wanane, nikafanya kosa la kwanza. Niliitisha mkutano. Niliomba darasa la shule, nikapanga viti kwa mistari, nikaweka meza mbele, na nikawaketisha kwa vyeo. Nikasoma majina kwa sauti ya gwaride, na kila mtu akaitikia "Afande!" mpaka mlinzi wa shule akaja kuchungulia. Mpishi wa Matondoni, aliyewekwa mstari wa nyuma kwa sababu ya cheo chake, alisikiliza kidogo, akainuka.

"Bwana Rajabu, nilihudumu miaka mingi nikikaa nyuma. Nimestaafu ili nikae ninapotaka. Kwaherini."

Mkutano wa pili tulikuja mimi na Bi Nuru.

"Ulituita tuketi au tukaguliwe?" akaniuliza huku akivifuta vumbi viti vitupu. "Amu watu hawaitwi mkutanoni, Rajabu. Mtu huketi dakani baada ya Alasiri, na wa kuja huja."

Nikaona ni rahisi. Alasiri iliyofuata nilienda nikaketi kwenye daka la Fundi Aboud, seremala wa milango ya nakshi, mzee mkali aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Zainabu. Wazee wanne walikuwa hapo wakinywa kahawa. Fundi Aboud akashusha kikombe.

"Hapo ni pa Bwana Maulidi."

"Niwieni radhi. Yuko wapi nimpishe?"

"Alikufa."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikainuka. Pale pa Bwana Maulidi pakabaki wazi, kikombe kikaendelea kuzunguka kwa kumruka yeye na mimi pia.

Aliyetuokoa ni Bi Zainabu. Alipokisikia kisa hicho alicheka mpaka akavua miwani. "Ketini kwangu," akasema. "Madaka yangu yana vumbi tangu mume wangu aondoke. Na mkiketi hapo, wa yuu atawasikia."

Basi tukaanza kuketi. Hatukuitana. Mpishi wa Matondoni alirudi, akachagua pembe aliyoitaka, na hakuna aliyemhamisha tena. Kamau alivuka kila wiki na tikiti begani. Bi Nuru aliketi na Bi Zainabu ndani kidogo ya mlango, nyuma ya pazia, akituingilia kila tulipodanganya. Na tulidanganya kwa makusudi. Hiyo ilikuwa hila ya Kamau. Dirisha la Athman lilikuwa juu ya vichwa vyetu, naye alikuwa akilifungua kwa upana wa kiganja. Kamau akaanza kusimulia, kwa sauti ya redio, jinsi lori letu lilivyokwama matopeni mwaka wa mvua nyingi.

"Dereva alikuwa mmoja wa Amu," akasema. "Hajui kutofautisha tope na uji. Tukalisukuma wenyewe, yeye analia kwenye usukani."

"Uongo!"

Wote tukatazama juu. Dirisha lilikuwa wazi lote.

"Uongo mtupu! Lori lile nililitoa mwenyewe, kwa mbao mbili! Na wewe Kamau hukuwepo, ulikuwa hospitali na jipu!"

"Jipu lilikuwa wapi?" Bi Nuru akauliza nyuma ya pazia.

"Pale anapokalia, mwulize mwenyewe!"

Nilimwona Bi Zainabu ameuweka mkono mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza sauti ya mwanawe kusikika nje tangu aliporudi. Kutoka siku hiyo Athman alikuwa mwanachama wa dirishani. Alibishana, alitukana, alitushushia kahawa kwa kamba na ndoo. Lakini hakushuka. Nilijaribu kumvuta kwa maneno, kwa dua, kwa hasira. Mara moja nilimshika mkono tukafika ngazi ya katikati, punda akalia nje, na mkono wake ukaponyoka. Mama yake aliendelea kuzeeka pale mlangoni, na kila alipokohoa nilihisi kama mtu anayesikia saa ikigonga.

Bi Zainabu alifariki asubuhi moja, amekaa kwenye mswala. Bi Nuru alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Sisi wanaume tulikusanyika nje, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa Amu hangeweza kulifanya hata akijaribu.

Nilisema, huyu alikuwa mama yetu, alitupa daka lake, basi na tumbebe sisi. Wenzangu wakakubali kwa machozi. Nikachagua watu sita, nami mmoja wao. Nikawapanga kwa urefu. Kamau, ambaye ni Mkristo, alisimama nyuma na kofia kifuani. Jeneza lilipotolewa tukaliinua kwa hesabu ya chinichini, tukaanza kwenda. Mwendo wa pole. Guu linasimama hewani, linatua. Macho mbele. Njia ya Mkomani ni nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, na sisi tuliijaza kama kizibo.

Lazima niwaeleze mnaotoka mbali. Amu maiti huenda mbio. Watu hawatembei, wanakaza mwendo, kalima ya La ilaha illallah midomoni, na hakuna anayebeba muda mrefu. Unachukua hatua chache, mtu nyuma yako anakugusa bega, unatoka, anaingia. Hivyo mtaa mzima unapata kubeba, na hata mpita njia aliyekuwa akienda sokoni huweka kikapu chini akatia bega. Kubeba ni thawabu, na hakuna anayeruhusiwa kuifungia kabatini.

Mimi sikuijua habari hiyo. Nyuma yetu mtaa mzima ulikuwa umejipanga ukingoja zamu. Nikahisi mkono begani. Alikuwa Fundi Aboud. Nikadhani ananipa pole. Nikatikisa kichwa kwa heshima, nikaendelea. Akanigusa tena, kwa nguvu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ahsante, mzee."

"Ahsante ya nini?" akanguruma. "Bibi huyu mwampeleka ama mwamuonyesha? Toka! Mwatunyima thawabu!"

"Ni heshima yetu, mzee."

"Heshima yenu, na sisi ni mawe? Nimekaa naye ndia moja umri wangu wote!"

Sauti nyingine zikadakia nyuma. Safu yetu ikayumba, lakini hakuna aliyetoka. Tulikuwa tumefunzwa kutotoka. Jeneza likasimama katikati ya njia, chini ya dirisha lile lile. Nikainua macho, nikamwona Athman. Alikuwa akitazama. Kile hasa alichokiogopa mamake kilikuwa kikitendeka mbele yangu, na nilikuwa nimesaidia kukipanga.

Uso wake ukabadilika. Alikuwa anaitazama miguu yetu. Nadhani aliona mwendo ule, na akaona wale wawili tuliowabeba zamani, yeye mbele kulia.

"Acheni!" akapiga kelele. "Acheni mwendo huo! Mamangu si askari!"

Dirisha likabamizwa. Tukasikia ngazi. Nilizijua ngazi zile, nilijua ile ya katikati, na nilizihesabu kwa masikio mpaka mlango ukafunguka. Alitoka miguu mitupu, kikoi na fulana, macho yamebanwa kwa mwanga. Watu wakamwachia njia. Akaja moja kwa moja kwangu, akanigusa bega.

"Pokeza, Rajabu."

Nikatoka. Akaingia. Akamgeukia Fundi Aboud: "Ami, ingia hapo nyuma yangu. Na nyinyi wengine, endeni kama watu!"

Jeneza likaondoka kwa kasi niliyokuwa sijaiona. Bega baada ya bega, mpishi wa Matondoni akapokezwa na muuza samaki, muuza samaki akapokezwa na mwalimu wa madrasa. Mimi nilirudi nyuma kabisa, nikaingia tena zamu yangu ilipofika, hatua chache tu, nikaguswa, nikatoka. Makaburini mtu aliyeshindwa na ngazi za kwao alishuka ndani ya kaburi mwenyewe kumpokea mamake.

Msidhani mambo yakawa sawa kesho yake. Alirudi juu akafunga dirisha, na siku mbili hakujibu hata uongo wa Kamau. Siku ya tatu, siku ya kumsomea marehemu hitima, ndipo aliposhuka na birika la kahawa, akasimama mbele yetu dakani.

"Nataka kujua kitu kimoja. Nani aliwapanga kwa urefu?"

Vidole vyote vikanielekea, hata cha Bi Nuru kikatokeza kwenye pazia.

"Nilijua," akasema. Akaketi. Aliketi chini, daka la barabarani, mgongo ukiwa upande wa njia. Mwanajeshi akikuonyesha mgongo, kijana wangu, amekuamini. Punda akapita na mzigo wa makuti. Athman akashika ukingo wa daka kwa vidole vyote, akangoja, akamimina kahawa. Baada ya Isha Fundi Aboud akapita, akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akaketi pembeni yangu kana kwamba amekuwa akiketi hapo siku zote.

Tangu wakati huo kazi yetu ilibadilika, na ndiyo ninayotaka muichukue. Niliacha kuwapanga watu. Mmoja akishikwa na usiku mbaya, humpigia mwenzake, na huyo akichoka humpokeza mwingine; hakuna anayembeba mtu peke yake mpaka mwisho. Nilidhani kumbeba mwenzako bila kumwachia mtu ni uaminifu. Ni njia ya haraka ya kuanguka wote wawili. Tulifungua kundi la simu, nikaliwekea kanuni nyingi, Bi Nuru akazifuta zote akabakiza moja: ukiulizwa uko wapi, jibu. Tuliacha pia kujifungia wenyewe kwa wenyewe. Mtaani akifa mtu, tunaenda. Ukuta ukianguka, tunaenda. Mimi niliyekuwa nikililia kambi niligundua kwamba nilichokuwa nakililia ni zamu tu: kujua kuna mtu nyuma yangu.

Nilikaa Amu miaka, mtu asiyeweza kukaa. Kisha Alasiri moja nilichelewa, nikakuta nafasi yangu imekaliwa na mstaafu mpya kutoka Faza, na ubishi umepamba moto. Nikasimama. Athman alinisogelea.

"Kwenu Mumias hakuna waliorudi?" akaniuliza, kana kwamba ni swali la kupitisha wakati.

"Wapo."

"Waketi na nani?"

Nilikunywa kahawa yangu nikiwa nimesimama, nikawaza kile kiti cha mgeni. Ndugu zangu walikuwa wamenipa kiti. Mimi ndiye sikuwahi kumwuliza mtu habari ya yule ng'ombe. Wiki hiyo hiyo nikafunga begi.

Niliwakataza wasikusanyike gatini kuniaga, maana sipendi. Waliitikia wote, nikajua wamenidanganya, watakuwepo. Asubuhi nilitoka mapema kidogo niwahi boti ya kwenda Mokowe. Nilipokunja kona karibu na nyumba ya Fundi Aboud, nikasikia kalima. Mzee mmoja wa Langoni alikuwa amefariki usiku. Sikumjua hata kwa sura. Jeneza likaja kwa kasi, njia imejaa, na ndani ya umati nikawaona wote waliopaswa kuwa gatini. Fundi Aboud mbele. Mpishi. Kamau nyuma, kofia kifuani.

Nikaliweka begi dakani, pale pa Bwana Maulidi. Nadhani marehemu hakukasirika. Nikatia bega.

Mbele yangu alikuwa yule mgeni wa Faza. Guu lake lilikuwa likisimama hewani kabla ya kutua. Sauti ya Athman ikamfokea kutoka nyuma: "Wewe, mguu huo! Hapa si gwaride. Enda kama watu!" Mgeni akajikwaa, akakaza mwendo.

Nilikwenda hatua chache. Kisha mkono ukanigusa bega. Sikuhitaji kugeuka.

"Pokeza," Athman akasema. "Boti yakungoja."

Nikatoka, nikabana ukutani. Akaingia mahali pangu, na jeneza halikupunguza mwendo hata kidogo. Likakunja kona, kalima ikafifia upande wa makaburini. Nikachukua begi langu, nikateremka gatini, miguu yangu ikienda haraka, hatua fupifupi, kama watu.